Pete Ikiwa Nyeusi, Usimtafute Mchawi
Mambo ya kufanya na kutofanya kwa anayevaa fedha kila siku

Malipo ya pamba yakitoka, minada ya Itilima na Bariadi, mkoani Simiyu, hujaa wauza urembo. Turubai linatandikwa chini, cheni zinapangwa mstari kwa mstari, pete zinachomekwa kwenye sponji, na muuzaji anapaza sauti: "Silva orijino, haichuji!" Mama wa Nkoma aliyetoka kulipwa na AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anachagua mkufu, anaomba apunguziwe, analipa, anauvaa palepale. Baada ya wiki chache mkufu umefanya weusi shingoni, na maneno yanaanza. Nimeibiwa. Au naumwa ndani kwa ndani. Au kuna mtu kanifanyia kitu.

Muuzaji anayesema fedha halisi haibadiliki rangi anadanganya, hata kama mali aliyonayo ni halisi. Fedha hufanya weusi. Hufanya weusi kabatini, hufanya weusi mwilini, na huku kwetu hufanya weusi upesi kwa sababu ya kazi zetu na hewa tunayoishi nayo. Weusi huo unaondoka. Yapo mambo mengine yanayoiharibu fedha moja kwa moja, na mengi tunayafanya kila siku kwa mikono yetu wenyewe, tukidhani tunaisafisha.

USIMTUHUMU MTU

Hili linatangulia yote.

Hewani kuna salfa kidogo, na fedha ikikutana nayo hujengeka utando mwembamba juu yake: kwanza wa njano, halafu kahawia, mwishowe mweusi. Hakuna siri nyingine. Salfa hiyo hutoka kwenye samadi mbichi ya zizini, kwenye choo cha shimo, kwenye yai lililopasuka, kwenye kitunguu ulichokatakata mchana, na kwenye jasho lako mwenyewe. Wawili wanaweza kuvaa cheni zilizotoka kwa sonara mmoja siku moja, ya huyu ikawa nyeusi na ya yule ikabaki nyeupe, kwa sababu huyu anashinda zizini na yule anashinda dukani, au kwa sababu jasho la mtu na mtu halifanani. Jasho hubadilika pia kwa chakula, kwa dawa, kwa joto na kwa mimba. Pete haipimi ugonjwa. Haipimi husuda. Haijui jirani yako anakuwazia nini.

Nasema kwa ukali kwa sababu tunajua kanda hii imetoka wapi. Usukumani tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi mkubwa ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalitiwa wekundu na moshi wa mavi ya ng'ombe waliyoyapikia miaka nenda rudi kwa kukosa kuni. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, na bado wapo wanaopigiwa. Anayempelekea mganga pete iliyofanya weusi amempa sababu ya kutaja jina, na jina hilo aghalabu ni la mwanamke mzee anayeishi peke yake. Usifanye hivyo. Chukua maji na sabuni.

JUA UNACHOVAA KABLA HUJAKISAFISHA

Fedha tupu ni laini mno kwa kazi, kwa hiyo masonara huichanganya na shaba. Mchanganyiko unaotumika sana una sehemu 925 za fedha kwa kila 1000, zilizobaki ni shaba, na ndiyo maana ndani ya pete au kwenye kifungio cha cheni hugongwa nambari 925. Nambari peke yake si kiapo, kwani anayeghushi cheni hashindwi kughushi nambari. Tafuta sumaku, ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Kitu kikivutwa kwa nguvu, si fedha. Kisipovutwa, bado hujathibitisha lolote, maana shaba na aluminiamu nazo hazivutwi, na stenlesi nyingine vilevile. Mwenye hakika ni sonara na dawa yake ya kupimia.

Kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani hakina fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Nikeli ndiyo inayowawasha wengi na kuwatoa vipele sikioni na shingoni. Ukivaa hereni ukawashwa, zivue na usizirudie. Kuzisugua hakutaondoa nikeli. Alama ya kijani kidoleni ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni shaba iliyokutana na jasho, haina madhara, inatoka kwa sabuni.

Vilivyochovywa, yaani vyenye utando tu wa fedha juu ya shaba, visisuguliwe kamwe. Kila msuguo unakula utando, na ukishaona wekundu wa shaba kwenye kingo ujue umefika mwisho wake.

Zipo familia zinazotunza sarafu za kale zilizotobolewa kuwa kidani, na hizi zina sheria yake. Riale ya Maria Theresa, ambayo ina mwaka 1780 hata ile iliyofuliwa miaka mingi baadaye, ina uzito wa gramu 28 na sehemu 833 kwa 1000 ni fedha. Masonara wa pwani waliziyeyusha kutengenezea mapambo. Rupia ya Mjerumani ina sehemu 917. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, iliyoanza 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha, na zilizotolewa kuanzia 1948 hazina kabisa. Ukiisugua shilingi hiyo ukitaka iwe nyeupe kama pete mpya, hutafika. Zaidi ya hayo, sarafu ya kale iliyosuguliwa hupoteza thamani kwa wanaozinunua. Ioshe vumbi kwa maji, ikaushe, iache na umri wake.

VUA

Watu huniambia pete ya ndoa haivuliwi. Ndoa haimo ndani ya chuma. Vua, weka mahali pamoja panapojulikana, fanya kazi, nawa, vaa.

Vua unapofua kwa jiki. Hii ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Klorini iliyomo haitengenezi utando wa kufutika tu. Inaishambulia metali yenyewe, inaitoboatoboa uso, na huenda ikaingia kwenye viungo vya cheni hadi vikakatika. Anayeloweka hereni kwenye jiki "ziwe nyeupe" atazitoa zikiwa za kijivu na zenye makovu ambayo hakuna kitambaa kitakachoyaondoa.

Vua unapokwenda kupulizia pamba dawa, na unapochanganya hiyo dawa kwenye bomba. Hapa hofu yangu ni ya ngozi yako zaidi ya pete. Dawa hujificha chini ya pete na bangili, ukanawa juu juu ukaona umetakata, kisha ukaushika ugali. Pete ikae nyumbani siku hiyo.

Vua unapokamua, unapozoa samadi, unapokatakata vitunguu vingi vya harusi au msiba, unapomenya mayai. Vua unapokanda unga. Siyo kwa ajili ya fedha, ni kwa ajili ya walaji.

Vua kabla ya saluni. Dawa ya kalikiti ina kemikali za salfa, na mafuta mengi ya mba vivyo hivyo. Dawa ya upele ya salfa ukiipaka jioni na cheni shingoni, asubuhi utaamka na kamba nyeusi. Marashi na losheni vipakwe kwanza, vikauke, ndipo cheni ivaliwe.

Mkorogo sitaki kuuzungumzia kana kwamba tatizo lake ni pete. Krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na zebaki, zimepigwa marufuku nchini, na zebaki hiyo inayoingia kwenye fedha na kuacha baka ndiyo hiyohiyo inayoingia kwenye figo zako. Na vijana wetu waliokwenda machimbo ya Geita na Kahama wanaokamatia dhahabu kwa zebaki mikono mitupu: pete ikigusa zebaki huinywa, ikafifia na kudhoofika. Ukiiona pete imefanya hivyo, kaifikirie mikono.

Vua mbele ya mashine. Mashine ya kusaga, kinu cha kuchambulia pamba, mnyororo wa pikipiki, mkanda wa injini ya kumwagilia: vyote hivyo vikinasa pete haviachii pete, vinachukua na kidole. Na vua unapofunga betri ya sola au ya pikipiki. Fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine yoyote. Pete ikigusa chanya huku spana au bodi imegusa hasi, inapata moto papo hapo na kuunguza kidole mzunguko mzima.

Ukilala, vua cheni nyembamba. Zinakatika usingizini.

OSHA HIVI

Maji ya uvuguvugu kwenye bakuli. Matone machache ya sabuni laini ya maji. Acha kitu kiloweke dakika tano, kisha chukua mswaki wa zamani wenye nyuzi laini, wa mtoto ukipatikana, upitishe polepole kwenye nakshi, nyuma ya kito na ndani ya pete, mahali panapokusanya ukoko wa sabuni, jasho na mafuta. Suuza kwa maji safi. Visima vingi vya kwetu vina chumvichumvi, kwa hiyo ukiwa na maji ya mvua yatumie kwa suuzo la mwisho. Usisuuzie juu ya karo iliyo wazi wala juu ya nyasi. Wengi wamepoteza hereni hapo.

Kausha papo hapo kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi hadi kikalainika. Kanga kuukuu hakuna kinachoishinda. Futa kwa kwenda na kurudi kufuata urefu, usizungushe. Mkoa huu ndio kinara wa pamba nchini, na bado usichukue pamba ghafi ya shambani ukasugulia: ina mchanga na vipande vya majani. Fedha ni laini. Vumbi letu la kiangazi lina chembe za mchanga mgumu mara nyingi kuliko fedha, na ukisugua pete yenye vumbi kavu unaichora. Ndiyo maana maji hutangulia, kitambaa hufuata.

Anayevaa kila siku afanye hivi mara moja kwa wiki. Kiangazi, upepo wa vumbi unapovuma, afute kwa kitambaa kibichi kila jioni.

Weusi ukiwa umekwisha kukolea, sabuni haitautoa. Hapo tumia aluminiamu, nayo ipo kila nyumba. Chukua sufuria ya aluminiamu iliyostaafu, au tandaza karatasi ya foili ndani ya bakuli. Weka fedha iguse aluminiamu yenyewe. Isipogusa hakuna kitakachotokea. Nyunyizia kijiko kikubwa cha beking soda, mimina nusu lita ya maji ya moto sana, subiri dakika mbili au tatu. Utasikia harufu ya yai viza: hiyo ni salfa inaiacha fedha na kuondoka, na ule uso mweupe unarudi mbele ya macho yako. Njia hii ina ubora mkubwa mmoja. Ukiondoa weusi kwa kusugua, unaondoa na fedha iliyokwisha kuungana na salfa, hivyo pete inapungua kila mara. Kwa aluminiamu, fedha inarudi palepale ilipokuwa.

Fanya mlangoni au dirishani penye hewa. Beking soda, siyo beking pauda, kwani pauda imechanganywa na asidi. Magadi ya kupikia maharage yaache jikoni, yana mchanga na takataka nyingi. Sufuria hiyo isirudi kupikia.

USIOSHE HIVI

Usitumie dawa ya meno. Najua kila mtu anaisifu. Inang'arisha kwa sababu inakwangua, na uking'arisha pete kwa dawa ya meno mwaka mzima, maandishi ya ndani na nakshi ya juu vitafutika.

Usitumie majivu wala mchanga wala waya wa kusugulia masufuria. Bibi zetu walisugua vyombo vya shaba kwa majivu na vikang'aa. Vyombo vile vilikuwa vinene, na hakuna aliyejali mikwaruzo. Pete yako ni nyembamba.

Usiloweke kwenye ndimu, siki au soda. Asidi inakula shaba iliyochanganywa ndani na kuacha uso usio na uhai.

Usiiweke motoni. Wapo wanaochoma pete kwenye mkaa wakidai wanatoa mikosi au wanapima uhalisi. Moto unaibua shaba juu, unalainisha metali, unayeyusha lehemu kwenye maungio, na kito kinapasuka.

Usiloweke chochote chenye lulu, marijani, feruzi au kaharabu. Hivi havipendi maji ya moto, havipendi soda, havipendi asidi, na vito vya bei nafuu vimebandikwa kwa gundi ambayo maji ya moto huiachisha. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Na ukiona weusi ndani ya michoro tu, huku sehemu zilizoinuka ni nyeupe, shika mkono wako. Weusi huo sonara aliutia kwa makusudi ili nakshi ionekane. Mafundi wa Unguja na Lamu, na wale wa Oman ambao kazi zao zimefika huku kwa ndugu na wafanyabiashara, hutegemea sana kivuli hicho. Ukikitia kwenye aluminiamu kitaondoka, nawe utabaki na bangili bapa isiyosomeka.

HIFADHI PAKAVU, VAA MARA KWA MARA

Fedha inayovaliwa husuguliwa na ngozi na nguo, kwa hiyo hukawia kuwa nyeusi kuliko ile iliyofungiwa ikisubiri Krismasi au Idi. Usiifiche kwa kuipenda.

Ikibidi kuihifadhi, iwe kavu kabisa, imefungwa kwenye kitambaa cha pamba, ndani ya kopo dogo lenye mfuniko unaobana. Weka na kipande cha chaki, kinavuta unyevu. Kila cheni ifungwe kifungio chake na ikae peke yake, la sivyo zitasukana na utaikata moja kwa hasira.

Usiifunge kwa raba. Raba imepikwa kwa salfa, na mstari mweusi utatokea palepale ilipobana. Usiiweke juu ya kiberiti, wala kwenye droo ya kiberiti, maana vichwa vya njiti vina salfa. Usiiweke karibu na mayai, wala ndani ya sweta la sufu. Na dirisha la jikoni, ambako ndiko pete nyingi huwekwa mtu akinawa, ni mahali pabaya mara mbili: moshi upande mmoja, kuku upande mwingine.

MWILI KWANZA

Mtu akiumwa na nyoka mkononi au mguuni, vua pete, bangili na kikuku cha upande huo dakika ileile, kabla uvimbe haujaja. Shambani hili husahaulika, kisha pete inageuka kitanzi na kidole kinakufa hata kama sumu imetibiwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, kiungo kikae bila kutikiswa, apelekwe kituo cha afya.

Mjamzito avue pete vidole vikiwa bado vyembamba. Asisubiri. Aivalie kwenye cheni kama anaitaka karibu.

Pete ikikwama, inua mkono juu ya kichwa dakika chache, uingize kwenye maji ya baridi, paka sabuni au mafuta, kisha izungushe huku unaivuta taratibu. Kidole kikianza kuwa cha bluu au kufa ganzi, acha majaribio, nenda hospitali ikakatwe. Pete iliyokatwa huungwa.

Mtoto mchanga asivalishwe cheni shingoni, hata ikiwa zawadi ya shangazi. Bangili yake ipimwe kila mwezi, kwa kuwa mkono unakua na fedha haikui. Tundu la sikio lililovimba na kutoa usaha ni la zahanati, wala si la spiriti na kusukuma hereni kwa nguvu.

UNAPOKWENDA KWA SONARA

Cheni iliyokatika usiifunge kwa uzi ukaendelea kuivaa, wala usimpe fundi redio aiunge kwa risasi ya redio. Risasi hiyo huchafua fedha, na sonara akija kuipasha moto itakula pale ilipogusa. Subiri upate nafasi ya kufika Bariadi au Mwanza.

Ukifika, kitu kipimwe uzito mbele yako kabla hujakiacha, gramu ziandikwe kwenye karatasi pamoja na nambari iliyogongwa na idadi ya vito. Siku ya kuchukua kipimwe tena. Uzito ukipungua, uliza vipande viko wapi. Kupunguza pete iliyokuwa kubwa lazima kuache kipande, na kipande hicho ni chako. Mwambie waziwazi kama nakshi nyeusi ibaki au iondoke, maana wengine hung'arisha kila kitu kwa mashine bila kuuliza. Tikisa kila kito kwa ukucha ukiwa bado dukani, angalia kucha zinazokishika, jaribu kifungio. Ndipo ulipe.